Sumu Isiyoogopa Moto

Sote tumelelewa kwa kuambiwa kuwa maji yakichemka yamekuwa salama. Basi na tuyatazame yaliyowapata wenyeji wa Toledo, nchini Marekani. Tarehe 2 Agosti, 2014, zaidi ya watu 400,000 walikatazwa kunywa maji ya mfereji, wala kuyachemsha hakukufaa. Katika Ziwa Erie vilikuwa vimezidi vijidudu vya kijani vitoavyo sumu iitwayo mikrosistini. Moto hauiondoi sumu hiyo. Maji hupungua kwa mvuke, nayo hubaki chunguni, ikazidi ukali. Hawakuruhusiwa mpaka tarehe 4.

Baadaye wataalamu walizamisha ziwani humo roboti ya kupimia. Huvuta maji, huyachuja, huipima sumu, kisha hupeleka habari nchi kavu bila waya, baada ya saa chache. Kwa hivyo wasafishaji wa maji hupata kuonywa mapema, wakaongeza mkaa wa kunasia sumu kabla haijafika majumbani.

Lakini roboti ni mlinzi tu. Vijidudu hivyo hunenepeshwa na mbolea ichukuliwayo na mvua kutoka mashambani, na mlinzi hawezi kuizuia mvua.

Nasi tusidhani mambo haya ni ya mbali. Ziwa Victoria, hasa Ghuba ya Winam karibu na Kisumu, huota vijidudu vya namna hiyo. Tusiache kuchemsha maji, kwani moto huua vijidudu vya kipindupindu. Ila maji ya ziwa yaliyogeuka kijani tusiwanyweshe watoto wetu, hata yakichemka.