Majina Yasiyoandikwa

Ukifika Dar es Salaam, nenda pale Mtaa wa Samora unapokutana na Mtaa wa Azikiwe. Katikati ya njia utaona sanamu ya askari Mwafrika. Ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Waingereza waliizindua mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza.

Mimi nilifika hapo mwaka 1976. Nilikuwa nimejifunza kusoma mwaka uliotangulia, katika darasa la watu wazima kijijini kwetu, Ugogo. Nilisimama nikasoma maneno ya Kiswahili yaliyo chini ya sanamu, polepole, neno moja moja. Yanawasifu askari. Yanawasifu na wapagazi. Nikazunguka upande mwingine kutafuta majina. Hakuna hata jina moja.

Nilikuwa nikitafuta jina la babu yangu.

Babu hakuwa askari. Alikuwa mpagazi. Katika vita vile, vya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yetu. Barabara zilikuwa chache. Ng'ombe na farasi walikufa kwa ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa na watu. Wapagazi wengi walichukuliwa kwa nguvu. Zaidi ya 90,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Jina la Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, kwa sababu kambi yao ilikuwa pale.

Babu alichukuliwa baba yangu akiwa bado tumboni. Hakurudi. Nyumbani ikaja njaa kubwa, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kwa maana vijana na mifugo na nafaka vilikuwa vimechukuliwa. Bibi alimlea baba peke yake. Kila jioni alitutajia jina la babu, tusilisahau. Alitutajia pia majina ya wanaume wengine wa kijiji waliofungwa kamba pamoja naye siku ile.

Niliporudi kutoka Dar es Salaam nilichukua daftari, nikaandika jina la babu. Kisha nikataka kuandika majina ya wenzake. Sikuweza. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, na sisi wajukuu hatukuyashika. Nilijua kuandika, lakini nilichelewa kuuliza.

Mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Ni vema kuomba radhi. Lakini tume haiwezi kuandika jina ambalo hakuna anayelijua.

Ndugu msomaji, sasa wewe unajua kuandika. Usingoje sanamu. Leo jioni kaa na mzee wa nyumba yako. Mwulize majina ya wazazi wake, walikotoka, na waliofia wapi. Andika katika daftari, na uandike tarehe. Kisha msomee, akusahihishe angali hai.