Kwa Mpwa Wangu Anayetafuta Chumba

Mpwa wangu mpendwa,

Umeniuliza mama anayelea peke yake, tena kwa kipato cha kubahatisha, aende wapi apate kodi ya kuanzia chumba Dar es Salaam. Jibu langu huenda likakushangaza: usianze kutafuta hela, anza kutafuta muda. Kodi ya mwezi unaimudu. Mkupuo ndio unaokushinda. Tuchukue chumba na sebule cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, ni 600,000. Dalali naye anataka mwezi wake mmoja, tayari ni 700,000, na bado hujalipia kirikuu ya kuhamisha kitanda na vyombo. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, tangu kilipopandishwa Julai 2025, analipwa 500,000. Yaani mtu mwenye ajira ya serikali akitoa mshahara wake wote wa mwezi, asile wala asipande daladala, bado hafungui mlango wa chumba ambacho kodi yake ni moja ya tano ya mshahara huohuo. Basi mama wa genge la mboga asijilaumu kwamba hajui kupanga matumizi. Anachodaiwa ni kutoa leo fedha ambayo angeipata kidogo kidogo kwa nusu mwaka. Kwa hiyo kila mlango utakaobisha, pima kwa swali hili moja: huyu ananiongezea muda au ananipunguzia? Hilo litakuonyesha msaada ni upi na mtego ni upi.

Mlango wa kwanza ni wa mwenye nyumba mwenyewe, na hapa watu wengi hukata tamaa kabla ya kuongea. Miezi sita ni desturi tu, wala hakuna sheria inayoidai. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi na utaratibu wa kulipa vimebaki kuwa makubaliano ya watu wawili chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo inautambua upangaji wa mwezi kwa mwezi. Viongozi wameikemea desturi hii hadharani zaidi ya mara moja, lakini kemeo halimfungi mtu. Hata hivyo, kilicho makubaliano hujadiliwa. Tena tazama jirani zetu: Nairobi mpangaji wa kawaida huingia kwa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, wenyewe wakiiita dipoziti, kisha hulipa kila mwezi, na nyumba za kupanga zinaendelea kujengwa. Basi anayesema biashara ya nyumba haiwezekani bila miezi sita anasema tu alivyozoea.

Utaniambia, "Mjomba, wao ndio wenye nyumba, nikileta masharti wanampa mwingine." Ni kweli kwa baadhi yao. Yupo anayekusanya miezi sita ili anunue bati na saruji za chumba kingine, na huyo usipoteze nauli kumfuata. Lakini yupo mwingine, mara nyingi mjane au mstaafu anayeishi uani humohumo, ambaye shida yake ni hela ya kula kila mwezi. Huyu akipokea 600,000 kwa pamoja, mwezi wa nne zimekwisha, na miezi miwili inayobaki anamtazama mpangaji asiyeweza kumdai. Kwake, mtu wa kulipa miezi miwili miwili bila kukosa ni nafuu. Tena chumba cha 100,000 kikikaa kitupu miezi miwili kikimsubiri mwenye mkupuo, mwenye nyumba amepoteza 200,000 zisizorudi. Mwambie hesabu hiyo kwa adabu. Mtu wa namna hii humpati kwa dalali, maana dalali hulipwa na mkupuo na hana sababu ya kukupeleka kwa asiyeutaka. Muulize mjumbe wa mtaa, muuza duka, wanawake wa msikitini, walimu wa shule anayosoma mtoto. Zunguka kwa miguu mtaa unaoutaka uulize nyumba kwa nyumba. Ukifanikiwa hivyo, umeokoa na mwezi mzima wa dalali, na hiyo ni fedha ambayo hakuna mfadhili angekupa kwa urahisi.

Lipo neno chungu zaidi, kwamba mwanamke asiye na mume hapangishwi kirahisi. Ubaguzi huo upo na ni dhuluma. Sina dawa yake; ninachojua ni kwamba mwenye nyumba mwenye hofu hutulizwa na ushahidi kuliko maelezo. Nenda na kumbukumbu za malipo ya kodi ulikotoka, hata kama ni jumbe za muamala kwenye simu. Nenda na daftari la kikoba linaloonyesha hisa zako. Omba barua ya serikali ya mtaa unakotoka, na mtafute mdhamini mmoja mwenye kazi inayojulikana. Hapo ndipo ndugu asiye na hela anapoweza kukusaidia sana, maana jina lake kwenye mkataba linaweza kugeuza miezi sita kuwa mitatu. Na mkataba uwe wa maandishi, utaje kiasi, tarehe za kulipa na muda wa notisi, na kila fedha unayotoa iwe na risiti. Muda uliopewa kwa mdomo hunyang'anywa kwa mdomo.

Sasa nije kwa baba wa mtoto. Najua ungependa nilipite hili kimya, lakini ningekuwa nakudanganya. Sheria ya Mtoto ya 2009, inapotaja wajibu wa mzazi, inaanza na chakula na papo hapo inataja malazi, kisha mavazi, matibabu na elimu. Malazi! Chumba unachokitafuta ni haki ya mtoto iliyoandikwa, na mwenye wajibu nayo si mama peke yake. Wanaume wengi huhesabu matunzo kwa unga na ada, kodi wakaiona ni mambo ya mwanamke aliyeamua kukaa kwake. Sheria haisemi hivyo. Wala haiangalii kama mlifunga ndoa, ili mradi uzazi uwe umekubaliwa au umethibitika, na cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba ni ushahidi mzuri. Anza kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Atamwita, mtakaa, na makubaliano yataandikwa. Yakishindikana, shauri hupelekwa Mahakama ya Watoto, na mahakama ikitoa amri ya matunzo hutazama kipato cha pande zote mbili na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Usihofu gharama za wakili: tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na mashirika kama TAWLA na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, yaani WLAC, yamekuwa yakiwahudumia bure wanawake wasio na uwezo.

Wako watakaokwambia kumdai ni kujishusha, na kwamba mwanamke mwenye heshima hujitegemea. Heshima hiyo analipia nani? Mtoto. Ukikataa kudai kwa ajili ya kiburi chako, unakuwa umemsamehe mtu deni lisilo lako. Pingamizi nzito zaidi ni nyingine: kwamba shauri huchukua muda na kodi inahitajika wiki ijayo. Hilo nalikubali. Ndiyo maana usimwombe 700,000 za kuanzia. Utamfungulia njia ya kukataa. Taka kiasi cha kila mwezi, kiandikwe, kwa sababu fedha inayokuja kila mwezi ndiyo inayokuwezesha kumwambia mwenye nyumba "nitakulipa miezi miwili miwili" ukiwa na uhakika. Ila kama mtu huyo aliwahi kukupiga au kukutisha, usiende kwake wala usikubali kikao cha nyumbani. Nenda dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi, na mengine yote yasubiri.

Mlango ninaokuomba usiubishe ni wa kausha damu, yaani wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Jina hilo limetoka mtaani, kwa waliokaushwa. Mtu akikupa 500,000 leo urudishe 650,000 ndani ya siku 30, hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi, wakati ukomo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5. Lakini hata ukiiacha riba, tazama muda: kodi ambayo ungeilipa kidogo kidogo kwa miezi sita, sasa unatakiwa kuilipa kwa mwezi mmoja, pengine kwa marejesho ya kila siku, huku friji na kitanda vikiwa vimeandikwa dhamana. Umepata chumba na kupoteza vya kuweka ndani. Mikopo ya simu inayokuja kwa kubonyeza nayo ichunguze. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na mtindo wa baadhi ya wakopeshaji hao kuwatumia ndugu na mabosi wa mkopaji ujumbe wa aibu unajulikana. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mkopo wa aina hii hata harusi yenyewe haipo, kwa sababu fedha inatoka mkononi mwa mkopeshaji kwenda kwa mwenye nyumba bila hata kulala kwako.

Kikoba ni tofauti, na si kwa sababu kina huruma zaidi. Ni kwamba riba inarudi kwenu wenyewe mnapogawana, na marejesho hupangwa na watu wanaojua biashara yako inaanguka mwezi gani. Kama wewe si mwanachama, hakitakukopesha kesho. Jiunge sasa kwa ajili ya mkupuo unaofuata, na uchague kilichosajiliwa halmashauri. Ukicheza upatu, omba zamu yako iangukie mwezi wa kodi. Ukiwa na bosi, hata wa kazi za ndani, mwombe akukopeshe na akate kidogo kila mwezi. Waajiri wengi hukataa kuongeza mshahara lakini hukubali kuutanguliza. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambayo asilimia nne ni ya vikundi vya wanawake na haina riba, isikutamanishe kwa shida hii. Ile ni ya mtaji, na hudaiwa kikundi kizima. Ukiila kwenye kodi, wenzako ndio watakaolipa.

Msikiti nimeuacha mwisho makusudi, kwa kuwa najua utauonea haya kuliko kote. Zaka ina makundi manane ya watu waliotajwa katika Qurani, na miongoni mwao ni mafukara, masikini na wenye madeni. Anayeomba akiwa miongoni mwao anadai fungu lake, na anayempa hatoi fadhila. Majirani zako Wakristo hupeleka jambo kama hili kwenye jumuiya ndogondogo, na wala hawaonekani wamedhalilika. Nenda kwa imamu au kwa mama mkubwa wa darsa ukiwa na karatasi moja: chumba kiko wapi, mwenye nyumba amekubali nini, umepata kiasi gani, kimepungua kiasi gani. Anayekuja na pengo la 120,000 husaidiwa. Anayekuja na kilio cha 700,000 huombewa dua. Na hii ndiyo sababu ya mpangilio wote niliokuandikia. Kwa mwenye nyumba na mdhamini unapunguza kiasi, kwa baba wa mtoto unapata kipande cha kila mwezi, kwa mwajiri unapata mkopo wa kukatwa kidogo kidogo, na kwa waumini unaomba kilichobaki tu.

Wapo ndugu watakaokushauri umpeleke mtoto kwa bibi kijijini na wewe ukajibanze kwa shoga yako. Kwa mwezi mmoja wa dharura sina neno. Lakini mambo ya muda kwa maskini hugeuka ya kudumu, na mtoto akishahamishwa shule na kuzoea kulelewa kwa simu, gharama ya kumrudisha itakuwa kubwa kuliko kodi tunayoihangaikia.

Ukishaingia, anza siku ileile kuweka ya kodi inayofuata. Kodi ya 100,000 kwa siku 26 za kazi ni kama 3,850 kwa siku. Si kidogo kwa genge la mboga, najua, na kuna siku hutaipata. Iweke mahali usipopafikia kwa kidole, si kwenye salio la simu.

Sehemu yangu ni kodi ya mwezi mmoja, na si deni. Niandikie jina la mwenye nyumba, tarehe mliyokubaliana na kiasi kilichopungua, nami nitaituma moja kwa moja kwake na risiti itoke kwa jina lako. Kama anataka mdhamini, mpe jina langu. Mkumbatie mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mjomba wako.