Kaburi la Trekta

Jaruba la tatu kutoka mferejini, kwenye shamba aliloacha marehemu baba, lina jina lake. Watoto wa mwaka 2000 kuja huku wanalitaja kila siku bila kujua lilikotoka: Kaburi la Trekta. Mimi nilikuwepo siku ya maziko, tope mapajani, beleshi mkononi.

Kwetu ni Usangu, upande wa Chimala, huko chini mito inakoshuka kutoka milimani kwenda kuingia Ruaha Mkuu. Udongo wetu ni mfinyanzi mweusi. Mwezi wa kumi unapasuka nyufa, ukichomeka fimbo ya kuchungia inazama nusu. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo nyufa zinajifumba zenyewe, na ukikanyaga na viatu unatoka na miguu tu. Kati ya ugumu ule na ulaini huu kuna siku chache ambazo udongo unalimika vizuri. Nazihesabu wiki moja, au siku kumi tukibahatika. Mambo yote nitakayoyasimulia yametoka katika uchache wa siku hizo.

Tulianza na maksai. Ng'ombe ana busara moja ambayo mashine haina: akihisi ardhi inadidimia chini ya kwato, anasimama. Utamchapa, utamtukana na ukoo wake, hasogei. Tulikuwa tunaita ukaidi. Baba alimaliza ekari mbili kwa maksai wanne katika muda ambao leo naona aibu kuutaja, lakini sikumbuki hata siku moja jembe la ng'ombe kukwama shambani kwetu hadi kulazwa huko.

Mwaka 1987 ndipo trekta la kwanza la kukodi lilipofika kitongojini. Matrekta yenyewe hayakuwa mageni machoni. Shamba la serikali la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, halikuwa mbali, na waliowahi kufanya vibarua kule walikuwa wakitusimulia jinsi mashine zinavyolima bila kusumbuka. Hawakutusimulia habari ya mitaro. Shamba lile lilisawazishwa, likachimbiwa mifereji ya kuingiza maji na mingine ya kuyatoa. Sisi tulikuwa na wa kuingiza tu. Maji yakishafika kwetu yalikaa mpaka yachoke yenyewe. Tukachukua trekta, tukaacha mtaro.

Mimi nikawa utingo mwaka 1992. Kazi ya utingo wa trekta ni kupaka grisi, kubeba dumu la dizeli, kukwangua tope kwenye diski, na kupima ekari kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70. Juu ya hayo nilikabidhiwa daftari la foleni, kwa kuwa nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisomeka. Nadhani hilo daftari ndilo lililonifundisha ukulima kuliko trekta lenyewe.

Maana ilikuwa hivi. Kabla ya mvua hakuna aliyetaka kulimiwa, kwa sababu diski zinaruka juu ya udongo kama zinapita kwenye lami, na dizeli inateketea bure. Basi kila mtu anasubiri mvua ya kwanza. Ikinyesha, wanakuja wote asubuhi moja. Trekta ni moja, majina kwenye daftari ni 40. Kumi na wawili au 15 wa mwanzo wanalimiwa udongo ukiwa safi, unakatika na kumomonyoka vizuri. Waliobaki wanalimiwa tope. Halafu msimu ukiharibika tunasema mvua imekuwa mbaya mwaka huu! Mvua haikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa foleni.

Na dereva alilipwa kwa ekari, si kwa siku. Ukimwambia arudi kesho kutwa udongo ukikauka, unamwambia alale njaa.

Alama za udongo usiotaka kulimwa tulikuwa tunaziona wote. Tonge likigeuzwa na diski linang'aa kama limepakwa mafuta, na wiki mbili baadaye, jua likiwaka, limekuwa tofali. Haro inapita juu yake ikirukaruka. Tairi nalo linajaza tope kwenye meno mpaka linabaki kipara, linazunguka pale pale likipiga udongo msasa. Ukitaka kujua mapema, chimba kina cha shubiri moja, chukua udongo, uviringishe kati ya viganja. Ukikatikakatika, lima. Ukitoka uzi mrefu kama wa mfinyanzi anayeanza mdomo wa chungu, nenda nyumbani kanywe chai. Hili nililijua. Dereva alilijua. Aliyelipa kwa ekari na aliyelipwa kwa ekari hawakuwa na nafasi ya kulikumbuka.

Mwishoni mwa 1997 zikaja zile mvua za El Niño. Baba alikuwa namba 31. Nilimwambia usiku, tukiwa wawili, kwamba naweza kumsogeza hadi namba tisa na hakuna atakayejua. Akanitazama muda mrefu. "Mwanangu, usinitie aibu na watu. Niandike pale nilipofikia." Nikamwacha 31. Mpaka leo sijaamua kama nilifanya vema kumtii.

Tulipofika shambani kwake maji yalikuwa yamesimama kwenye kona ya mashariki ya jaruba la tatu. Si mengi, ya kufika kifundo cha mguu. Hapo ndipo pabaya kabisa. Udongo ukiwa na unyevu kiasi unambeba mtu. Ukiwa umefurika maji tele umekuwa uji, gurudumu la chuma linaupita. Katikati yake ni gundi.

"Dereva," baba akasema, "ile kona huwa haikauki. Iache, nitailima kwa jembe la mkono."

"Mzee, hii ina nguvu za farasi 80. Utailimaje kwa mkono na mimi nipo?"

Sauti ya injini ndiyo iliyonijulisha. Ilishuka, ikawa nzito, kisha ikapanda ghafla. Tairi la kulia limeanza kuzunguka bure. Dereva akakanyaga pedali ya kufunga difu, ili matairi yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Difu hufungwa kabla ya kuingia penye wasiwasi, na ukishaifunga unakwenda moja kwa moja bila kukata kona. Yeye aliifunga tairi limeshachimba shimo, na usukani ameukunja kurudi kwenye tuta. Tairi la pili nalo likaanza kuchimba. Jembe bado liko ardhini limeng'ang'ania kama nanga. Akaongeza mafuta. Mashine ya karibu tani tatu ikakaa chini polepole mpaka tumbo likagusa tope, moshi mweusi unapanda, na sisi tunapiga kelele kila mtu na lake.

Kisha likaja wazo la gogo. Kila penye trekta lililokwama hutokea mtu mwenye wazo la gogo: unalifunga kwa cheni mbele ya matairi ya nyuma ili yakizunguka yalipande. Tukafunga. Dereva akatia giya, akaachia klachi, na pua ya trekta ikainuka mbinguni. Gurudumu likizuiwa kuzunguka, mashine yenyewe ndiyo inazunguka, na dereva anakuwa chini yake. Alikanyaga klachi kwa woga tu, pua ikaanguka, tope likaturukia wote usoni. Hakuna aliyecheka. Msomaji, ukiona watu wanafunga gogo kwenye tairi la trekta, wazuie hata kama huwajui.

Alasiri likaja trekta la pili kutoka kijiji cha jirani, na cheni. Nalo likazama hatua 20 kutoka la kwanza. Kwa vile halikuwa na jembe lilitoka kabla ya giza, likaondoka bila kuaga.

Letu lilikaa siku tisa. Watoto walitoka shule wakipitia kwetu. Aliyelitoa ni mzee jirani ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake. Alituambia tuache kuvuta. Tukate tuta upande wa chini maji yaondoke, tufungue jembe na kulitoa peke yake, kisha tuchimbe mteremko nyuma ya matairi na kutandika fito, mashine irudi kinyumenyume kwenye njia yake yenyewe, kwa kuwa huko nyuma tayari ilikwishabebwa na ardhi mara moja. Siku ya tisa likarudi kinyumenyume, kama ng'ombe anayetolewa zizini.

Hasara haikuwa zile siku tisa. Msimu uliofuata maksai wa baba wakazama hadi matumboni pale pale. Bwana shamba alikuja na nondo, akaichomeka jaruba la pili: ikasimama kina cha shubiri moja. Akaichomeka kwenye kaburi: ikaenda hadi mkono wake ukagusa maji. Ndipo nilipoelewa kwamba jaruba la mpunga lina sakafu. Ni tabaka gumu lililoshindiliwa kwa miaka na kwato na nyayo, linalozuia maji yasipotelee chini na kumbeba anayelima. Kwenye mahindi tabaka la namna hiyo ni adui, mizizi inagonga na kukunja. Kwenye mpunga ndilo linaloshikilia kila kitu. Kwa alasiri moja tuliivunja sakafu iliyojengwa kabla sijazaliwa.

Pawatila, vile vitrekta vidogo vya kuongozwa kwa mikono, zilikuwepo Usangu kabla ya hapo, chache. Baada ya serikali kutangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009 zikawa nyingi. Kwenye nchi kavu zenye udongo mgumu watu wengi walizikatia tamaa, wakazifunga tela zibebe matofali na abiria. Kwetu zilipata makazi. Injini ya farasi 12 au 15, uzito usiofika nusu tani, na badala ya matairi unafunga magurudumu ya chuma yenye umbo la kizimba. Tukaacha kuyakimbia maji. Tukayajaza jarubani, tukayaacha siku kadhaa udongo ulewe, ndipo tukaingia kuvuruga na kusawazisha kwa ubao.

Wanaoisifu pawatila mara nyingi hawajaitembeza kutwa nzima. Unatembea nyuma yake kwenye tope hadi jioni. Ruba ni wako, kichocho ni chako. Ukirudisha nyuma bila uangalifu mikono yake inakuinukia kifuani. Na haiendi kina, kwa hiyo ndago zinakatwa vichwa tu na kurudi baada ya wiki mbili. Hata hivyo daftari langu lilikosa kazi. Kitongoji kilipopata pawatila tano, hakuna aliyelazimika kuwa namba 31.

Foleni haikufa lakini. Ilihamia mferejini. Kuvuruga kunataka maji mengi kwa wakati mmoja, na kila mwenye pawatila anayataka wiki ile ile. Siku hizi watu wanalala kwenye banio na tochi kulinda zamu zao, na Ruaha Mkuu huko chini, ulioanza kukauka kiangazi miaka ya 1990, hauna anayeulalia.

Mdogo wangu ndiye anayelima shamba la baba sasa. Amerudia trekta kubwa, ila hulikodi mwezi wa saba, mara tu mpunga unapotoka, udongo ungali na ubaridi kidogo na mashine zikiwa hazina kazi. Pawatila anaiita Januari, maji yakishajaa.

Julai iliyopita nilikuwepo. Dereva alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu, ana simu mbili na kofia ya kapelo. Alipofika jaruba la tatu alizima mashine, akashuka, akaomba fito, akaenda kuichomeka mwenyewe kwenye kona ya mashariki. Ikazama hadi kiwiko. Akapanda, akaliruka jaruba zima, na mwisho wa kazi akatoza pesa ya ekari mbili kamili.