Nyumba za Magurudumu Zipitazo Gashoho

Gashoho iko katika nchi ya vilima, kaskazini-mashariki ya Burundi. Mgeni atokaye Tanzania, aliyezoea kuona vijiji vya kukusanyika kando ya barabara, hutazama huku na huku asivione. Nyumba zimetawanyika mlimani, kila moja katikati ya migomba na mibuni yake. Makao hayo, pamoja na ua uyazungukao, Warundi huyaita rugo. Ndani ya rugo hukaa baba, mama na watoto. Nje yake ni maharage, mihogo na viazi, na juu kabisa ya kilima husimama mikaratusi. Mtu hutambulishwa kwa mlima wake, kama vile mahali pengine mtu anavyotambulishwa kwa kijiji au mtaa.

Kwa miaka mingi Gashoho ilikuwa komine mojawapo ya mkoa wa Muyinga. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi iliunganishwa ikawa 5, na Muyinga ikaingia katika mkoa mpya wa Buhumuza. Mabadiliko hayo yamegusa mihuri na mabango ya ofisi, lakini mibuni na rugo zimebaki pale pale.

Katika nchi hiyo, ambamo nyumba na shamba havitengani, hupita kila siku nyumba za namna nyingine kabisa, zisizo na ua wala mlima. Ni malori makubwa ya mizigo. Hutoka mpakani Kobero, hupita mji wa Muyinga, hukata vilima vya Gashoho kwa Barabara ya Taifa namba 6, kisha huelekea Ngozi na Kayanza, hadi kuteremkia Bujumbura. Mengine hugeukia kusini pale Muyinga, yakapitia Karuzi kwenda Gitega, mji ambao tangu mwaka 2019 ni makao makuu ya kisiasa ya nchi.

Burundi haina bahari, na sehemu kubwa ya bidhaa zake huingia kwa bandari ya Dar es Salaam. Yajapo, malori hayo huleta mafuta, saruji, mbolea na ngano. Yarudipo, aghalabu huchukua kahawa na chai. Kutoka Dar es Salaam mpaka Bujumbura kwa njia hii ni zaidi ya kilomita 1,500. Dereva hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Ngara kabla hajaiona bendera ya Burundi. Kwa sababu ya mizani, forodha, foleni na matengenezo, safari hiyo haihesabiwi kwa saa bali kwa siku, na pengine kwa majuma.

CHUMBA KIMOJA CHA WATU WAWILI

Ndiyo sababu lori kwa watu hawa si chombo cha kazi tu, bali ni makao. Nyuma ya viti pana kitanda chembamba chenye pazia. Ubavuni mwa tela pana sanduku la vyombo: sufuria, birika, sahani mbili, kisu, chumvi, unga na jiko. Dumu la maji limefungwa kwa kamba. Jua likiwa kali, mkeka hutandikwa kivulini chini ya tela, na hapo ndipo sebuleni. Wakaaji wake ni wawili, dereva na utingo wake, ambaye humwita mkubwa wake kaka au mzee kwa kadiri ya umri. Mmoja akipika, mwingine hukagua matairi na turubai.

Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaotengeneza nyumba ndani ya magari kwa ajili ya mapumziko. Husafiri na jamaa zao, hulala katika viwanja vilivyotengwa, na jioni huonyeshana picha na kusimuliana waliyoyaona. Huko Uingereza mmoja wa watangulizi wao alikuwa Gordon Stables, daktari aliyewahi kutumika katika jeshi la majini. Mwaka 1885 alisafiri kutoka kusini mwa Uingereza mpaka Uskoti katika nyumba ya mbao yenye magurudumu iliyovutwa na farasi, na mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha safari hiyo. Magari ya namna hiyo Waingereza huyaita karavani, neno lililotokana na Kiajemi, ambalo asili yake ni msafara.

Msafara si jambo geni Afrika Mashariki, wala masimulizi yake si mageni. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, ambamo wasafiri wa pwani wameeleza kwa lugha yao wenyewe mambo waliyokutana nayo. Mmoja wao, Selim bin Abakari, alieleza safari yake ya Urusi na Siberia. Mwingine alieleza safari ya bara mpaka Tanganyika. Madereva wapitao Gashoho leo ni warithi wa watu hao, ingawa wengi wao hawajakiona kitabu hicho. Tofauti yao na wenye karavani wa Ulaya ni kwamba wao wanaishi garini kwa ajili ya riziki, na jamaa zao wamebaki nyumbani.

MPAKA UNAPOBADILI SAA NA MKONO

Hadithi za madereva mara nyingi huanzia mpakani, baina ya Kabanga na Kobero. Hapo mambo mawili hubadilika kwa hatua chache. La kwanza ni saa. Tanzania ikiwa saa moja jioni, Burundi ni saa kumi na mbili. Mke aliyeambiwa angoje simu ya mumewe saa tatu usiku hana budi kujua ni saa tatu ya upande gani, la sivyo atakaa na wasiwasi saa nzima bila sababu.

La pili ni mkono. Tanzania magari hupita kushoto mwa barabara, Burundi hupita kulia. Lori la Tanzania lina usukani upande wa kulia. Likishavuka Kobero, dereva hujikuta amekaa ukingoni mwa barabara, na utingo ndiye aliye upande wa katikati. Akitaka kulipita gari lililo mbele, dereva hawezi kuona vema yajayo. Utingo ndiye humwambia, "Bado," au, "Njia nyeupe." Katika kona za Gashoho, ambako barabara huzunguka kilima kimoja na kuingia kingine, maisha ya wote wawili hutegemea ukweli wa neno hilo moja. Basi ugomvi uliotokea jioni haufai kulazwa mpaka asubuhi.

Njia ya Kobero imeona pia siku ngumu. Tarehe 31 Julai 1996, baada ya mapinduzi ya mwezi huo, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, navyo havikusimamishwa mpaka Januari 1999. Ilikuwa miaka ya vita, na barabara nyingi za Burundi hazikuwa salama. Madereva wazee wanaikumbuka. Vijana wanaukumbuka zaidi mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ambapo madereva wa Afrika Mashariki walipimwa mipakani na misururu ya malori ikawa mirefu katika vituo kama Malaba na Namanga. Wakati watu wengine waliambiwa wakae nyumbani, wao waliambiwa wakae garini, na mahali pengine wenyeji waliogopa hata kuwauzia chai.

Tena ziko hadithi za mteremko wa Bugarama, mbele ya Kayanza, ambako barabara hushuka kwa kona nyingi mpaka tambarare ya Bujumbura. Vijana wa baiskeli huteremka na mikungu ya ndizi kwa kasi ya kutisha. Warudipo hushika nyuma ya malori ili wavutwe kupanda mlima. Kwa mgeni huo ni mchezo wa ajabu, na picha zake zimeonekana katika nchi nyingi. Kwa dereva ni hofu, maana hamwoni aliyeshika tela, na lori likirudi nyuma kidogo tu, au breki zikikamatwa ghafla, kijana yule amekwisha.

PICHA YENYE TAREHE NYUMA YAKE

Zamani dereva aliyetaka kuwaonyesha watoto mahali alipofika alikwenda katika studio ya mpiga picha mjini. Alisimama mbele ya pazia lililochorwa, amevaa shati safi, na siku ya pili alichukua picha yake. Wenye busara waliandika nyuma jina la mji na tarehe. Picha ilisafiri ndani ya bahasha, au kwa mkono wa dereva mwenzake aliyekuwa akirudi. Askari aliyepata kutumika mbali na kwao anaijua thamani ya kitu kama hicho katika mfuko wa shati.

Siku hizi simu ya mkononi imefanya kazi hiyo kuwa ya dakika moja. Dereva akisimama Muyinga hupiga picha ya lori lake, ya sahani ya maharage na ndizi, ya kilima kilichofunikwa na ukungu wa asubuhi, akaituma nyumbani. Mtoto huuliza, "Baba, mbona magari yanapita upande mwingine?" Naye baba hupata nafasi ya kufundisha, ingawa yuko mbali na mlango wa nyumba yake. Jamaa nyingine zimebandika ramani ukutani, na kila ijapo picha, mtoto hutia alama mahali ilipopigwa. Huo ni mchezo usio na gharama, nao humjulisha mtoto jiografia ya Afrika Mashariki.

Madereva wenyewe pia hutumiana picha katika makundi yao ya simu. Picha ya daraja lililofurika au ya lori lililolala barabarani humwonya aliye nyuma kwa kilomita mia mbili. Hapo picha ni msaada mkubwa. Lakini papo hapo ndipo palipo na hatari, ambayo jamaa za askari wanaielewa kuliko wengi.

Lori likianguka, mtu wa kwanza kufika huenda akatoa simu kabla hajatoa mkono wa msaada. Hupiga namba ya gari, jina lililoandikwa juu ya kioo, hata uso wa aliyeumia. Picha hiyo hukimbia kuliko gari la polisi. Yawezekana mke akaiona kiganjani mwake, jikoni, mtoto yu mgongoni, kabla hajaja mzee yeyote wa ukoo kumketisha na kumpa habari kwa utaratibu. Pengine aliyeumia yu hai, naye mkewe ameshalia kilio cha matanga. Jeshini na polisi ni kanuni kwamba msiba hupelekwa kwa jamaa na mtu, tena mtu wa heshima. Barabarani kanuni hiyo haijaandikwa, lakini inafaa ishikwe vivyo hivyo: kumwonya mwenzako yatosha kusema mahali, saa na hali ya njia, wala si lazima namba wala uso.

Liko na jambo la pili. Kituo cha mpakani, daraja, kambi na kizuizi cha polisi si mahali pa kupiga picha bila ruhusa. Dereva ajigambaye kwa picha ya mahali hapo aweza kupotewa na simu na siku zake mbili, na shehena yake ikachelewa. Vilima vya Gashoho viko vingi na vinapendeza. Havihitaji ruhusa ya mtu. Ila mama akutwaye akilima shambani mwake aombwe kwanza. Salamu moja ya Kirundi, "Bwakeye" asubuhi au "Mwiriwe" baada ya mchana, hufungua mlango mpana kuliko kuchungulia kwa simu dirishani.

KAZI YA WALIOBAKI

Wenye nyumba ya magurudumu hawawezi kuidumisha peke yao. Aliyebaki nyumbani ana sehemu yake: kujibu. Dereva aliyetuma picha tatu asipate hata neno moja huacha kutuma, na aachaye kutuma huanza kuwa mgeni kwake. Jibu halihitaji kuwa refu. Mtoto amepona homa, mahindi yamechanua, bati la jikoni limetengenezwa. Habari kama hizo ndizo zimfanyazo aendelee kuwa mwenye nyumba ijapokuwa yuko siku tano mbali.

Vilevile yafaa jamaa wapange saa ya kuzungumza isiyomlazimu dereva kushika simu akiwa kwenye usukani. Saa njema ni baada ya lori kuegeshwa na chakula kuiva. Wakati huo maneno huwa mengi na akili imetulia. Na picha zilizo bora zisiachwe zipotee pamoja na simu. Zichache zisafishwe studio, ziandikwe nyuma mahali na tarehe, kama walivyofanya wazee, zihifadhiwe pamoja na vyeti vya watoto.

Rugo ya Gashoho hulindwa na ua wake, na wenyeji huurekebisha kila unapolegea. Nyumba ya magurudumu haina ua wa miti. Kinachoishika ni habari ya kweli inayokwenda na kurudi, kwa wakati wake na kwa heshima. Utingo asemaye "bado" wakati bado, dereva asemaye amelala Muyinga naye yuko Muyinga, na mke ajibuye salamu, wote watatu wanafanya kazi moja.