Nilivyowapokea Boa Chotara

Nilipoanza kufuga nyoka hapa Columbus, Ohio, nilifundishwa sharti moja hata kabla ya kufundishwa namna ya kupima joto la kizimba: boa wa nchi moja asipandishwe na boa wa nchi nyingine. Nikalishika sharti hilo kama dini. Wa Suriname akae na wa Suriname, wa Argentina na wa Argentina, na wale wadogo wa Hog Island wasichanganywe na yeyote. Kwenye maonyesho ya reptilia nilizipita meza za wauza chotara bila kusema neno, mimi niliyelelewa Mombasa, ambako salamu hainyimwi mtu. Leo ninafuga boa chotara, nimewazalisha kwa mkono wangu, na wenzangu wanaoanza nawaambia wasiwaogope.

Kwa asiyemjua, boa ninayemzungumzia ni nyoka wa mabara ya Amerika anayebana mawindo kama chatu wetu. Ila chatu hutaga mayai, na boa huzaa watoto walio hai baada ya kubeba mimba kwa takriban miezi minne. Jike wa Colombia huvuka mita mbili. Wa Hog Island, yaani visiwa vya Cayos Cochinos vilivyo kaskazini mwa pwani ya Honduras, ni mdogo zaidi kwa mbali. Rangi yake ni kijivu chepesi chenye dalili ya waridi, na hupauka au kukolea ndani ya siku hiyohiyo. Ukimshika mara moja unaelewa kwa nini watu walimtamani.

Sharti nililofundishwa halikuwa upuuzi. Miongoni mwa boa wa Colombia zilipatikana koo mbili zenye ualbino, ambazo wafugaji huziita Kahl na Sharp. Jeni zake zimefichika, na kila moja iko mahali pake: ukimpandisha Kahl na Sharp, watoto wote hutoka na rangi ya kawaida huku kila mmoja amebeba jeni zote mbili. Rangi hizo zikapendwa, na watu wakataka kuzihamishia kwa boa wengine, wakiwemo wa visiwani. Mtoto wa kizazi cha kwanza anaweza kufanana mno na mzazi wa kisiwani. Mnunuzi wa kwanza anajua asili yake, wa pili anaikumbuka nusu, wa tatu anamtangaza kuwa wa Hog Island halisi. Hapo damu imeshaingia kama maji ya mto yaliyofika baharini. Hakuna wa kuyatenga tena. Hofu hiyo niliiona kuwa ya haki, na hata sasa naiona hivyo.

Kilichoanza kunitikisa ni sayansi yenyewe, ile niliyodhani iko upande wangu. Mwaka 2009 watafiti wa Prague, Hynková na wenzake, walichapisha uchunguzi wa DNA ya mitokondria ulioonyesha kwamba boa wa Amerika ya Kati na kaskazini-magharibi mwa Amerika ya Kusini ni tawi lililojitenga na boa wengine wa Kusini. Yule tuliyemwita nususpishi, imperator, aliyeelezwa na Daudin mwaka 1803, sasa huhesabiwa kuwa spishi kamili. Mwaka 2016 watafiti wengine wakawatenga pia wale wa pwani ya Pasifiki ya Mexico. Nikatazama vibandiko vya vizimba vyangu. Majina mengi niliyoyatetea kwa ukali yalikuwa ya kibiashara, yakifuata mahali nyoka alikopakiwa ndegeni au alivyoitwa na aliyemuuza kwanza. Usafi niliokuwa nikiulinda ulitegemea neno la mfanyabiashara.

Lakini jambo lililonigeuza hasa ni habari za Cayos Cochinos. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 boa wa visiwa hivyo walikamatwa kwa wingi na kusafirishwa. Mwaka 1993 Honduras ikavifanya visiwa hivyo hifadhi. Watafiti Robert Reed, Scott Boback na wenzao walipokwenda kuwachunguza, waliwakuta bado wapo, wakila ndege na mijusi, ingawa ujangili haujakoma kabisa. Nilisoma ripoti yao nikanyamaza. Nyoka hao wameponea palepale kwao, kwa kuachwa walipo. Hakuna atakayemchukua boa wa sebuleni kwangu, aliyeishi na magonjwa ya vizimba vya watu kadhaa, akamwachilie kule. Ukoo safi ulioko Ohio una thamani kwetu sisi tunaoupenda, na mimi naupenda sana. Lakini hauokoi kisiwa. Mwenye huruma na boa hao awasaidie wanaolinda visiwa.

Katika kipindi hicho familia moja ya Wakongomani, majirani zetu, ilikuwa inahamia jimbo lingine. Kijana wao alikuja na jike chotara, baba wa Hog Island, mama wa Colombia. “Papa, utamuchunga muzuri?” aliniuliza. Nikamjibu, “Nitamtunza, mwanangu.” Zamani ningekataa. Jike huyo ni mtulivu, ana afya, hali kwa pupa, na anatosha katika kizimba cha nyumba ya kupanga bila kubanwa. Nikaona mnyama kamili asiyepungukiwa na chochote.

Nimempandisha. Wengine husema sasa sina mipaka, na sivyo. Boa wa Argentina siwachanganyi: wako kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, tangu 1987, na mkutano wa Harare wa 1997 uliamua kwamba chotara mwenye mnyama wa namna hiyo katika ukoo wake wa karibuni afungwe na masharti yaleyale. Wala sipandishi mzazi na mtoto ili kuharakisha rangi iliyofichika, jambo linalofanywa sana katika biashara hii, mara nyingi na watu walewale wanaohubiri usafi wa koo. Hata boa wa mchanga wa kwetu, yule wa rangi ya chungwa wa nyanda kavu za Kenya, huku huchanganywa na ndugu zake wa Misri; simpingi anayefanya hivyo, namwomba tu aandike.

Maana kuandika ndiko nilikohamishia bidii yangu yote. Kila mtoto anayetoka kwangu huondoka na karatasi: mama nani, baba nani, babu na bibi walitoka wapi, na pale nisipojua nimeandika kwamba haijulikani. Katika maonyesho ya karibuni mtu alinilipa, kisha akaniomba nimpe nyoka bila karatasi, kwa kuwa angeuzika kwa bei kubwa zaidi kama wa kisiwani. Nilimrudishia pesa zake. Yule mdogo nikamuuzia mwalimu mmoja aliyeisoma karatasi yote palepale mezani, akaniuliza bibi yake alifikia kilo ngapi.