Ganzi Ile Haikuwa Uchovu wa Kazi

Kwenye ndoa tunajuana kwa mengi: nani anakoroma, nani anaficha chenji. Lakini mkono wa mwenzio unaujua kiasi cha kugundua kinundu kipya?

Mume wangu ni Mmakonde wa Newala. Msimu mmoja wa korosho tukiwa kwao, kidole chake cha mwisho na nusu ya kile cha pete vilianza kufa ganzi. Akasema ni uchovu tu. Baadaye vifungo vya shati vikamshinda, funguo zikawa zinamponyoka. Mama mkwe akanong'ona kwamba mwanawe katupiwa kitu. Zahanati moja ikasema baridi yabisi, akapewa vidonge vya maumivu. Kilichoniumiza zaidi ni ukimya wake. Mwanaume aliyezoea kubeba magunia hataki kusema kwamba kikombe kinamshinda!

Nilipompapasa kiwiko nikakuta kinundu upande wa ndani. Tukateremka hadi Masasi, kisha hospitali ya misheni Ndanda. Daktari alitueleza bila mbwembwe: neva ya alna inapita nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unasikia kama shoti ya umeme. Njia yake ni finyu. Kifuko cha ute wa kiungo, au uvimbe wa mafuta, kikikaa hapo kinaibana. Si saratani, ila neva ikibanwa muda mrefu misuli ya kiganja inasinyaa, na huenda isirudi.

Akafanyiwa upasuaji. Kazi ikawa kusubiri, maana neva iliyoumia huota upya kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwiko hadi ncha za vidole ni zaidi ya sentimita 30, piga hesabu mwenyewe! Miezi hiyo yote nilimfunga vifungo asubuhi, naye akajifunza kusema, "Mama, nisaidie." Kusema kweli, neno hilo liliponya mengi ndani ya nyumba yetu.

Kwa hiyo ganzi ikiwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, huenda neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kiganja kikilegea na kuning'inia, ni neva nyingine. Kinundu kinachokua pamoja na ganzi au udhaifu hakisubiri msimu uishe, kinataka daktari. Leo kabla ya kuzima taa, mshike mwenzio mkono, halafu mwambie akubane kwa nguvu.