Krokosmia Zisizotoa Maua

Wenzangu mnaopenda bustani, nataka kuwapa habari za krokosmia, mmea wenye majani marefu kama panga na maua ya rangi ya kaa la moto. Asili yake ni Afrika hii yetu. Lakini aina iliyoenea zaidi bustanini ilizalishwa na Bwana Victor Lemoine wa Nancy, Ufaransa, karibu mwaka 1880, kwa kuchanganya aina mbili za Afrika. Basi ilizaliwa Ulaya, ikaja kwetu kama mgeni!

Hapa Kigali hakuna baridi ya kuiua. Adui zake ni wengine. Wakati wa kiangazi, Juni hata Agosti, utitiri mwekundu huyanyonya majani yakapata madoa ya manjano. Yafaa kuyanyunyizia maji upande wa chini. Kivulini hurefuka tu na kulala. Na udongo wetu wa mfinyanzi ukituamisha maji, viazi vyake huoza.

Shida iliyo kubwa kuliko hizo niliiona Nyamirambo, kwa shangazi yangu. Krokosmia zake zilipandwa na marehemu mumewe. Mwaka wa nne zikatoa majani matupu. Jirani mmoja akasema udongo umechoka, akaleta samadi. Majani yakanenepa, maua hata moja. Shangazi akaazimia kung'oa zote apande dodo.

Nikamwomba, "Shangazi, niache nichimbue fungu moja kwanza."

Lo! Viazi vilikuwa vimepandana kama shanga katika uzi, kizee chini, kitoto juu, fungu limebanana na fungu.

"Kumbe wamelala kumi chumba kimoja!" akasema shangazi.

Tukavitenganisha, tukachagua vinene, na mvua za Septemba zilipoanza tukavipanda, kina cha sentimita 8, nafasi ya sentimita 15. Msimu uliofuata hazikuchanua zote, ila zilitosha shangazi kumwita jirani yule wa samadi aje aone.

Vilibaki viazi ndoo nzima. Kijana wa nyumbani alitaka kuvimwaga mferejini, nikamzuia. Mifereji ya Kigali hushukia mabondeni, na mvua ingevipanda kwenye vinamasi. Huko New Zealand na Uingereza krokosmia ya Lemoine imetoroka bustanini ikasonga mimea ya kando ya mito, hata sheria ya Uingereza yakataza kuipanda porini. Sisi vikubwa tuliwagawia majirani, vitano vitano; vidogo tukavianika juu ya bati mpaka vikakauka kama kokwa.